Habari za Ng'ombe Katika Nchi ya Mbinga na Pwani ya Nyasa

Katika kitabu hiki cha Jubilei wengine wamepewa kazi ya kuandika habari za makanisa, za shule na za hospitali. Sisi tumepewa kazi ndogo kuliko hizo, nayo ni kueleza habari za mifugo ya nchi yetu. Lakini msomaji asidhani kwamba ni jambo la mchezo. Mtu akitaka kujua jinsi watu walivyoishi, na aangalie zizi lao. Humo ataona vita vyao, njaa zao, amani yao, na hata mahari ya binti zao.

Sababu ya kuandika ni hii. Sisi watu wa Kitura, na ndugu zetu wa Litembo na Kigonsera, mpaka kwa Wanyasa wa Liuli na Mbamba Bay, tumezoea kusikia wageni wakisema kwamba sisi ni watu wa mbuzi, wala si watu wa ng'ombe. Husema hivyo kana kwamba tuliumbwa hivyo, au kana kwamba baba zetu walikuwa wavivu. Vijana wetu wakisikia huona haya. Siku moja tulikaa katika mazungumzo ya mahari, na kijana mmoja akasimama mbele ya wazee akasema, "Wazee wangu, msinihesabie mbuzi. Kwa heshima ya binti huyu nitaleta ng'ombe." Maneno yalikuwa mazuri, na akina mama wakapiga vigelegele. Lakini kijana hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikopa, na deni lile lilimkalia miaka minne, hata mtoto wake wa kwanza akazaliwa nalo. Basi tuliona yafaa kuuliza: Je, ni kweli kwamba baba zetu hawakujua ng'ombe? Na kama ng'ombe walikuwa wachache kwetu, ni kwa sababu gani?

Kwanza tukubaliane jinsi ya kuhesabu. Ukitaka kujua ng'ombe wana fungu gani katika mifugo ya nchi, waweza kuhesabu vichwa: ng'ombe mmoja ni mmoja, na mbuzi mmoja ni mmoja. Hesabu hii ni nyepesi, lakini haitoshi, maana ng'ombe mmoja hula majani ya mbuzi wengi, na nyama yake huwatosha watu wengi. Kwa hiyo wataalamu wana kipimo kingine: ng'ombe mmoja wa nchi za joto huhesabiwa kuwa sawa na mbuzi au kondoo 7, na nguruwe mmoja kuwa sawa na mbuzi 2. Tuseme mtu ana ng'ombe 2 na mbuzi 14. Kwa hesabu ya vichwa, ng'ombe ni 1 tu katika kila wanyama 8. Kwa kipimo cha pili, ng'ombe ni nusu nzima ya mifugo yake. Tena tukumbuke kwamba mifugo yote yaweza kuongezeka pamoja, na hata hivyo fungu la ng'ombe likapungua, kwa kuwa wenzao wameongezeka upesi kuliko wao.

Pili, yatupasa kukumbuka mwendo wa kuzaa. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9 akazaa ndama mmoja, na mtamba wa kienyeji aweza kukaa miaka 3 au 4 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Mbuzi hubeba miezi 5, na mara nyingi huzaa mapacha. Nguruwe hubeba miezi 3, majuma 3 na siku 3, kisha huzaa vitoto 8 au zaidi. Kwa hiyo msiba ukipiga mifugo yote sawasawa, mbuzi watarudi kwanza, na ng'ombe watarudi mwisho. Ng'ombe huhitaji amani ya miaka mingi. Neno hili msomaji alishike, maana ndilo litakalotufungulia habari za kale.

Na sasa tuingie katika habari zenyewe. Wangoni walitoka Afrika ya Kusini wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka wa 1835. Baada ya kufa kwake katika nchi ya Ufipa, karibu na mwaka wa 1848, makundi yao yalitawanyika, na baadhi yao wakaja kukaa katika nchi ya Songea. Hao walikuwa watu wa ng'ombe hasa. Ngao zao zilikuwa za ngozi ya ng'ombe, na vita vyao vilitafuta watu na mifugo. Wamatengo wakakimbilia milima mirefu, wakajificha katika mapango na majabali. Huko pwani ya Nyasa mambo yalikuwa magumu vilevile. Wazungu waliozunguka ziwa kwa merikebu ya moshi iliyoitwa Ilala, tangu mwaka wa 1875, waliona upande wa kaskazini-mashariki vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, kwa sababu ya kuwaogopa wavamizi.

Ndugu msomaji, fikiri kidogo. Mtu anayelala pangoni, au katika nyumba iliyo juu ya maji, atamweka wapi ng'ombe? Mbuzi aweza kubebwa begani usiku na kupandishwa jabalini. Ng'ombe habebeki, hulia, na nyayo zake huonyesha njia aliyopita. Katika siku zile mwenye ng'ombe alikuwa amewaita adui zake kwa mkono wake mwenyewe. Basi watu wenye akili walifuga mbuzi na kuku. Hilo halikuwa jambo la uvivu. Lilikuwa jambo la kuponya watoto.

Hata Wangoni, waliokuwa na ng'ombe, hawakukaa nao kwa raha. Karibu na mwaka wa 1889 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeingia Uhabeshi. Mwaka wa 1891 ulikuwa unaangamiza makundi ya Wamasai. Baadaye kidogo ukafika nchi za Ziwa Nyasa. Mwaka wa 1896 ukavuka Zambezi, na mwaka wa 1897 ukafika Rasi, mwisho wa bara. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi, na nyati wa porini wakafa nao. Mbuzi wengi walisalimika, kwa kuwa ugonjwa ule huwashika hasa ng'ombe na jamaa zao. Basi kwa pigo moja fungu la ng'ombe lilianguka katika nusu nzima ya Afrika, na mtu aliyekuwa na mbuzi wachache akawa tajiri kuliko jirani yake aliyekuwa na zizi kubwa jana. Ugonjwa huo ulisumbua watu zaidi ya miaka mia. Ulikomeshwa kwa chanjo, na mwaka wa 2011 ikatangazwa kwamba umekwisha duniani kote.

Baada ya sotoka zilikuja bunduki. Wadachi walijenga boma Songea mwaka wa 1897. Mwaka wa 1902 askari wao waliwapiga Wamatengo pale Litembo. Kisha vikaja vita vya Maji Maji, mwaka wa 1905 mpaka 1907. Katika Ungoni Wadachi waliteketeza vyakula mashambani na ghalani, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Mifugo iliyobaki ililiwa au ilichukuliwa nyara.

Hapo ndipo alipoingia adui mwingine, mdogo kwa umbo, ambaye hana bunduki wala ngao. Huyo ni mbung'o. Mbung'o hukaa katika vichaka vyenye kivuli na hunywa damu ya wanyama wa porini. Watu wakiwa wengi, wakilima na kuchoma vichaka, wanyama hukimbia na mbung'o huondoka nao. Watu wakifa au wakihama, pori hurudi, na wanyama hurudi, na mbung'o hurudi pamoja nao. Naye humletea ng'ombe ugonjwa wa nagana, akakonda hata kufa. Ndivyo ilivyokuwa katika sehemu kubwa za kusini ya Tanganyika baada ya vita na njaa. Nchi iliyokuwa na makazi ikawa pori, na nchi ya pori haikubali ng'ombe. Kwa hiyo fungu dogo la ng'ombe katika nchi za chini za Ruvuma halikuwa tabia ya watu. Lilikuwa kovu la vita.

Lakini msomaji ataniuliza, "Na milima je? Mbung'o hapandi kwenye baridi ya milima ya Umatengo. Amani ilipokuja, mbona ng'ombe hawakujaa huko?" Swali hili ni la haki, na jibu lake li katika majani.

Wamatengo, walipobanwa milimani, walikuza namna ya kulima ambayo wageni huja kuiangalia mpaka leo, nayo ni ngoro. Kila ukoo una ntambo wake, yaani mgongo wa kilima ulio kati ya vijito viwili. Mwisho wa masika wanaume hukata majani, wakayapanga katika mistari inayokatana, hata ikawa viwanja vya mraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani. Panapochimbwa hubaki shimo. Na juu ya kuta zinazozunguka mashimo hupandwa maharage, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni wala hayachukui udongo. Na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kwa akili hiyo watu wamelima miteremko mikali zaidi ya miaka mia, na udongo haujaisha.

Basi tazama: majani ya kilima yana walaji wawili, shimo la ngoro na tumbo la ng'ombe. Majani yakifukiwa, ng'ombe atakula nini? Yakiliwa na ng'ombe, shamba litapata nini? Mahali pengine ng'ombe hula majani na kulirudishia shamba samadi. Wazee wetu walilipa shamba majani yenyewe, bila kumpitisha ng'ombe katikati. Hawakuwa watu wasiojua ng'ombe. Walikuwa wamepata njia ya kulima mlima pasipo yeye. Na kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo malisho yalivyopungua, kwa kuwa kila ntambo ulijaa mashamba.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Katika karne ya 19 ng'ombe walikuwa wachache kwa sababu ya kukosa amani. Katika karne ya 20 walibaki wachache milimani kwa sababu ya amani yenyewe, maana watu waliongezeka na nchi ikajaa. Atakayetazama hesabu peke yake ataona jambo moja tu, kwamba ng'ombe ni wachache. Atakayeuliza habari ataona mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Katika miaka ya 1920 kahawa ilianza kupandwa Umatengo, na mwaka wa 1936 ukaanzishwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo wa kuuza mazao yao, Wangoni wakiuza hasa tumbaku, na Wamatengo kahawa. Kahawa haikulimwa katika ngoro. Ilipandwa karibu na nyumba, nayo hupenda samadi. Ndipo mnyama alipopata kazi mpya: hakufugwa tena kwa nyama na mahari tu, bali kwa kinyesi chake. Na mnyama wa kazi hiyo si lazima awe ng'ombe. Mbuzi wawili watatu waliofungwa nyuma ya nyumba hutoa samadi, na nguruwe hutoa zaidi.

Nguruwe wa kufugwa ni mgeni katika nchi hizi. Waliletwa na wamisioni na Wazungu wenye mashamba, tangu mwisho wa karne ya 19. Wabenediktini, waliofika Peramiho mwaka wa 1898, hawakufundisha kusoma na kuandika tu. Walifundisha pia useremala, kilimo na ufugaji. Nguruwe alikubalika upesi kwa Wakristo wa milimani, kwa kuwa hahitaji malisho. Hula pumba, makombo na majani ya bustani, naye hukaa bandani penye nafasi ndogo. Jirani zetu Waislamu, kwa kufuata sheria ya dini yao, walibaki na mbuzi na kondoo. Hivyo ndivyo fungu la ng'ombe lilivyozidi kupungua: si kwa kufa kwao, bali kwa kuingia mnyama mwingine mlangoni. Leo mkoa wa Ruvuma na mikoa mingine ya nyanda za juu za kusini ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye nguruwe wengi.

Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na serikali iliacha kupunguza bei ya mbolea ya viwandani. Watu wengi wa Mbinga waliumia. Mbolea ya dukani ilipopanda bei, samadi ikawa mali, na banda la nguruwe likawa benki ya mtu maskini: mtoto akiitwa shule, nguruwe mmoja huuzwa. Lakini benki hii nayo ina mwivi wake. Homa ya nguruwe ikiingia kijijini, haina dawa. Sisi wenyewe tumeona nyumba iliyokuwa na nguruwe 11 siku ya Jumapili, na Jumapili ya pili haikuwa na hata mmoja. Mama mwenye nyumba alikuwa ameweka tumaini la ada za watoto wawili katika banda lile. Hakulia. Aliosha banda kwa majivu, akasema, "Nitaanza na kuku."

Tukiinua macho kuitazama Tanzania nzima, twaona mwendo unaofanana na wetu. Hesabu ya mifugo ya mwaka wa 1984 ilionyesha ng'ombe yapata milioni 12.5, mbuzi milioni 6.4 na kondoo milioni 3.1. Yaani katika kila wanyama hao 100, ng'ombe walikuwa yapata 57. Hesabu iliyotolewa na serikali mwaka wa 2023 ilikuwa ng'ombe milioni 36.6, mbuzi milioni 26.6 na kondoo milioni 9.1. Hapo katika kila 100 ng'ombe ni yapata 51. Ng'ombe walikaribia kuwa mara 3 ya wale wa kwanza, lakini mbuzi walizidi mara 4. Nguruwe nao walikuwa milioni 3.7. Lakini ukitumia kile kipimo cha pili, cha ng'ombe mmoja kwa mbuzi 7, na kuwaacha nguruwe kando, fungu la ng'ombe limeshuka kidogo tu, kutoka yapata 90 mpaka 88 katika mia. Duniani kote ni hivyohivyo: tangu mwaka wa 1961 mbuzi wameongezeka takribani mara 3, na ng'ombe hawakufika hata mara 2. Nchi zikijaa watu, mnyama mdogo hutangulia. Basi anayetucheka kwa ajili ya mbuzi na atazame nyumbani kwake.

Hata hivyo tusiseme kwamba nchi iliyojaa haiwezi kuwa na ng'ombe. Katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Viktoria, watu wamebanana sana tangu zamani, nao hufuga ng'ombe ndani ya mashimo bandani, wakiwaletea majani kwa mikono, na kila chembe ya samadi hurudi shambani. Wachaga wa Kilimanjaro hufanya vivyo hivyo katika migomba yao. Huko ng'ombe haendi kutafuta majani. Majani huletwa kwake. Siku hizi hata kwetu wako watu wenye ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili bandani, nao hupanda mabingobingo katika kingo za mashamba. Ng'ombe wa namna hiyo hagombani na ngoro. Huipa kahawa samadi, na huwapa watoto maziwa. Lakini huhitaji maji, majani kila siku, na dawa ya kupe; na anayemchukua kwa ajili ya sifa humwua kwa njaa.

Upande mwingine, ng'ombe wengi wamekuja Ruvuma kwa miguu yao. Mwaka wa 2006 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Na katika miaka hiyo makundi yakaingia pia Ruvuma, hasa upande wa Tunduru na Namtumbo. Dawa za sindano zimewawezesha kupita katika nchi ambazo zamani mbung'o alizifunga. Hivyo fungu la ng'ombe katika mkoa laweza kupanda, na huku katika vijiji vya milimani lisibadilike. Atakayesoma hesabu ya mkoa asidhani kwamba mkulima wa Kitura amepata zizi. Na mahali ambapo mfugaji na mkulima hukutana, ugomvi wao ni uleule wa kale: ni nani ale majani. Tusiufanye kuwa ugomvi wa makabila. Utamalizwa kwa mipaka ya malisho iliyokubaliwa na pande zote, wala si kwa mikuki.

Sasa tumrudie kijana wetu wa mahari. Deni lilipokwisha alikuja kwetu jioni moja, tukaongea naye habari hizi kama tulivyoziandika hapa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi mwalimu, babu yangu aliyelipa mahari kwa mbuzi hakuwa maskini?" Tukamjibu kwamba babu yake alizaliwa na watu waliotoka mapangoni na mbuzi wao hai, na kwa mbuzi hao wakaoa, wakalea, wakalima mlima usioliwa na mvua. Kijana yule leo ana mbuzi 6, na ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye hakumkopa. Alipanda mabingobingo mwaka mzima kabla ya kumleta. Hivyo ndivyo tungependa vijana wetu wote wafanye: wapande majani kwanza.